Alama Tisa kwa Akina Maddern

Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, wazee wa Bermondsey, mtaa wa bandarini London, walikusanyika katika ukumbi wa chini ya ghorofa zao kutazama filamu za majambazi. Za Kimarekani Wilf Pocock alizipiga marufuku. Wilf alikuwa kuli wa bandarini kabla bandari haijageuzwa nyumba za matajiri, na sasa ndiye aliyechagua filamu na kuzipa alama kati ya kumi. Filamu ya Kiingereza inayofaa kutazamwa, kwa kipimo chake, ni ile ambayo jambazi anamwogopa mama yake, bunduki inaonekana mara mbili tu, na mchongezi anakiona cha mtema kuni.

Alhamisi hiyo ukumbi ulijaa pomoni, kwa sababu filamu ilikuwa yao wenyewe. Ilihusu ndugu wawili wa Maddern waliotamba mtaa huo huo, na wizi wa ghala la chai mwaka 1967. Beryl Tasker alimsukuma kaka yake Denis kwenye kiti cha magurudumu mpaka mstari wa mbele, akamfuta mate kidevuni. Denis alikuwa na miaka themanini na miwili. Kiharusi kilimchukulia mkono na mguu wa kulia pamoja na maneno yote, lakini akili kilimwachia. Filamu hii aliingoja kama mgonjwa anavyongoja majibu ya vipimo.

Siku ya wizi ule polisi walikuwa wameshajificha ghalani. Watu saba walikamatwa, akabaki dereva, naye alikuwa Denis. Mwenyewe alidhani amewahi tu kuwasha gari. Bermondsey ilidhani vingine: anayebaki nje ndiye aliyewauza wenzake. Akina Maddern walipotoka jela walimpasua shavu. Bandarini wanaume walikataa kubeba mzigo naye, mchumba akamrudishia pete, na kwa zaidi ya miaka hamsini kila baa aliyoingia alipokelewa na migongo. Huko mchongezi hatukanwi. Anafanywa hayupo. Tangu kiharusi tu ndipo walipoanza kumsalimia tena, kwa huruma.

Kabla ya kiharusi, watengenezaji wa filamu walikuja nyumbani wakamsikiliza siku mbili nzima. "Waambieni watu si mimi," aliwaambia. Waliitikia kwa vichwa huku wakila keki ya Beryl.

Beryl alijua kwamba si Denis. Ni yeye. Alikuwa na miaka kumi na tisa, akasikia mpango wa ghala, akaona bunduki chini ya kitanda cha kaka yake, akamkimbilia askari wa doria. Aliomba jambo moja tu, kaka yake asiguswe. Askari alitimiza ahadi, na kwa kuitimiza akammaliza Denis. Beryl alifunga mdomo. Mwanzoni aliwaogopa akina Maddern, na walipokufa akawaogopa majirani, na mwishowe akamwogopa Denis mwenyewe. Akampikia, akamfulia, hakuolewa. Alijiambia kuwa hiyo inatosha. Haikutosha, na alijua.

Filamu ikaanza. Alipotokea kijana mtanashati wa kuigiza Denis, ukumbi uliangua kicheko.

"Denis, mwanangu, wamekupa nywele!" Wilf alipiga kelele.

Denis alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Beryl hakuwa amemwona akicheka hivyo tangu mwaka jana.

Kisha kijana yule akaingia katika kibanda cha simu, akageuka huku na huku, akasema, "Tasker hapa. Ni ghala la chai, Ijumaa."

Kicheko kilikatika. Denis alitoa sauti nzito ya kooni, akaitoa tena, lakini haikuwa neno.

Filamu ilikwenda mpaka mwisho bila mtu kukohoa. Taa zilipowashwa, Wilf alisimama. "Tisa," alisema bila kutazama mstari wa mbele. "Wamefanya kazi yao vizuri."

Ivy Lunn alipita na kitoroli cha chai. Alimpa Beryl kikombe na biskuti mbili, akampita Denis, akamhudumia wa nyuma yake.

"Ivy, umemruka Denis."

"Nimemruka?" Ivy alisema, akaendelea kumimina.

Beryl alisimama. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia polisi. Denis hakujua lolote."

Watu walimtazama. Kisha Wilf akatabasamu, macho yamelowa.

"Mnamwona huyu? Huyu ndiye dada! Mimi ningekuwa na dada kama wewe, Beryl, haki ya Mungu nisingekula miezi minane jela."

"Wilf, sikutanii! Askari aliitwa Pruett, alikuwa na majipu shingoni. Nilimkuta nje ya duka la pai!"

"Sawa, mpenzi. Kaa unywe chai."

"Naapa kwa kaburi la mama!"

"Hata mimi ningeapa," Ivy alisema, akambusu shavuni. "Nani asiyeapa kwa ajili ya kaka yake? Lakini wenye filamu wamechunguza, bibie. Wametumia pesa."

Mtu wa nyuma alipiga makofi, na wengine wakafuata. Walimpigia Beryl makofi kwa uwongo mzuri wa kumkinga ndugu, kama Bermondsey inavyowapigia makofi watu wake. Alitaka kupiga ukelele. Kila alichosema kilimpandisha yeye na kumzamisha Denis.

Katika ukumbi mzima aliyemwamini alikuwa mmoja. Denis alimtazama kwa muda mrefu, makofi yakiendelea. Kisha akateremsha mguu wake mzima sakafuni, akaanza kujisukuma shubiri kwa shubiri hadi mlangoni. Mlango ule mzito hauvutiki kwa mkono mmoja wa mtu aliyeketi. Akakwama hapo kitini, uso ukielekea mlango.

"Kaka," Beryl alisema, akinyoosha mkono kwenye kitasa.

Denis alitikisa kichwa. Akamtikisia tena, kwa nguvu, mpaka Beryl akaushusha mkono. Alitaka kufunguliwa na mtu yeyote asiyekuwa dada yake. Nyuma yao Ivy alikuwa akiuliza nani anahitaji sukari zaidi, na hakuna aliyeinuka kumfungulia.