Swali la Rafiki Yangu

Nina sifa moja ambayo hata wasionipenda wananikubalia: sijui kuficha kitu. Neno likinifika kooni linatoka. Walimu walilijua hilo, mama analijua, na hapa karakanani tunaposhona sare za shule, mtu akitaka habari zake zienee kabla ya chai ananinong'oneza mimi, halafu anakwenda zake kupumzika.

Kwa hiyo nimeficha jambo moja tu, tena kwa miezi minane, nalo ni hili.

Dada yangu ndiye mkataji wetu. Analaza kitambaa tabaka kumi mezani, anapiga mstari wa chaki, kisha mkasi unapita bila kusita. Mimi ni mpiga pasi. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka, na kila aliyeyaona akanishauri nitafute kazi ya mikono. Basi siku moja mwaka jana nilijibanza nyuma ya majora ya kitambaa cha buluu, nikaziba pua, nikamwita dada kwa sauti ya kutoka kaburini: "Mkatajii. Umenikata mguuu." Aligeuka, akatazama huku na huku, akabaki ameshika chaki hewani. Mimi kule nyuma nilikuwa nimeuma mkono wa shati nisicheke.

Wiki tatu baadaye dada akasema cherehani zinamsema.

Haikuwa mzaha. Zilimtaja kwa jina, zilimcheka, na zilimwambia kwamba wateja wanaacha vipimo vya uongo makusudi ili wamchunguze. Usingizi ukamkimbia. Alikuwa akianza sentensi kwenye kola na kuimalizia kwenye mabati ya jirani. Mwishowe aliacha mkasi, akajifungia chumbani, na kumshawishi aoge ikawa kazi ya nyumba nzima. Hospitali wakasema ni skizofrenia.

Nyumbani kila mtu akawa na chanzo chake. Mama alisema ni mawazo. Mjomba alisema kuna mkono wa mtu, na akamtaja jirani ambaye wamegombana naye tangu mimi sijazaliwa. Mimi nilikuwa na chanzo changu, nacho kilikuwa kimevaa shati langu. Nilikuwa nakaa mezani nacho, nalala nacho. Nikimpelekea dada maji ya kumezea dawa nilikuwa naangalia ukuta.

Sasa dada amepata nafuu. Anameza vidonge vyake, analala, anakwenda kliniki kila mwezi, na wiki sita zilizopita alirudi kazini. Tatizo likawa sisi. Watu walikuwa wanampita kwa mbali kama ukuta uliopakwa rangi sasa hivi. Mama Bosi, mwenye karakana, alimpa kazi ya kukunja mashati na mkasi akautia kwenye mfuko wa aproni yake, akawa anatembea nao huku unamgonga paja.

"Jumanne muuguzi wangu anakuja," dada alitutangazia. "Muulizeni mnachotaka. Nimechoka na kunong'ona kwenu. Hamjui hata kunong'ona. Nasikia kila kitu, na hizo ni sauti za kweli."

Jumanne, baada ya chai, muuguzi akaja. Mama mfupi, kiatu cha raba, kikombe mkononi, akaketi juu ya furushi la vipande kana kwamba amelipia. Mimi nilibaki kwenye pasi ili nionekane nina shughuli.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Fundi Pindo, yule wa cherehani ya dirishani. "Samahani, muuguzi. Nimesikia wanakuwa watu wawili ndani ya mmoja. Sasa mimi asubuhi nimsalimie nani kwanza?"

"Yuko mmoja tu," muuguzi alisema. "Hayo ya watu wawili ni ya sinema. Huyu ni yule yule mnayemjua, ila ubongo wake ulikuwa unamtengenezea sauti, na yeye anazisikia kama mimi ninavyokusikia wewe. Ulikuwa unampa na mambo ya kuamini ambayo hayapo. Ukibishana naye humsaidii, ukimkubalia pia humsaidii. Mwambie, mimi siisikii hiyo sauti, lakini naona inakusumbua."

"Na cherehani yako ndiyo ilikuwa na mdomo mchafu kuliko zote," dada akamwambia Fundi Pindo.

"Yangu? Ilisema nini?"

"Kwamba sijui kukata kola."

"Hilo hata mimi nimewahi kulisema."

"Ndiyo maana niliiamini."

Watu wakacheka, dada akiwemo, na furushi la muuguzi likasogea karibu na meza bila mtu kuona limesogeaje.

Mama Bosi akakohoa. "Tuseme ukweli, muuguzi. Huu mkasi. Inchi kumi na mbili."

"Wengi wenye ugonjwa huu hawamdhuru mtu. Mara nyingi wao ndio wanaodhuriwa. Huyu analala, anakula, anameza dawa, na akiona dalili zinarudi anajua pa kwenda. Mimi kwa upande wa watu sina wasiwasi. Kwa upande wa kitambaa mtajuana wenyewe."

Mama Bosi alifikiri kidogo, akauchomoa mkasi mfukoni, akauweka mezani. Dada akauchukua, akaufungua na kuufunga mara mbili, akavuta jora.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu muuguzi aingie nilikuwa napiga pasi suruali moja, mguu mmoja. Ungeweza kukatia mkate kwa lile kunjo. Nikaona nisipouliza leo, basi tena.

"Muuguzi," nikasema, "nina rafiki yangu."

Cherehani zote zilinyamaza.

"Hayupo hapa. Anakaa mbali sana. Yeye alimfanyia mtu mzaha, akajificha, akamwita kwa sauti ya ajabu ajabu. Baadaye huyo mtu akaugua ugonjwa huu huu. Sasa rafiki yangu anataka kujua kama ni yeye aliyeuleta."

Muuguzi akanywa chai taratibu. "Anafanya kazi gani huyo rafiki?"

"Anapi... anapiga picha."

"Mwambie hivi. Chanzo kimoja cha kukinyooshea kidole hakijulikani. Kuna damu ya ukoo, maana kwenye familia nyingine unajitokeza zaidi. Kuna kemikali za ubongo kutokwenda sawa. Kuna waliopata shida tumboni mwa mama au wakati wa kuzaliwa. Kuna bangi nyingi utotoni na ujanani, hiyo nayo inachangia. Mateso mazito ya muda mrefu yanaweza kuuchochea kwa mtu ambaye tayari yuko karibu nao. Lakini mzaha wa siku moja hauna nguvu hiyo. Tena ugonjwa huu huingia polepole. Ukifuatilia nyuma utakuta ulianza miezi mingi kabla ya watu kushtuka."

Mabega yangu yalishuka yenyewe. Nilitaka kukaa chini, lakini mpiga pasi hana kiti.

"Nitamfikishia," nikasema. "Atafurahi sana. Hata chakula kilikuwa hakimpiti kooni."

"Maskini," alisema dada bila kuinua uso kutoka kwenye chaki yake. "Mwambie pole."

Na mambo yangeishia pale vizuri kabisa, kama si Bibi Vifungo. Huyu ndiye mkongwe wetu, anashona vifungo kwenye kona yake, na anaweza kumaliza siku nzima bila kusema kwa sababu mdomoni kuna sindano. Akaichomoa, akaichomeka kwenye ukosi wa gauni lake.

"Muuguzi amesema kweli," akasema. "Siku ile mwenzetu alikuwa ameshaacha kunywa chai nasi tangu mwezi wa nyuma yake. Alikuwa anakaa pale dirishani peke yake, anajibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Mimi nikadhani anaomba. Kwa hiyo huyo rafiki yako, mjukuu wangu, alichelewa. Asijipe cheo."

"Siku ipi, bibi?" nikauliza, na sauti yangu ikatoka nyembamba mno. "Rafiki yangu anakaa mbali."

"Huyo huyo mpiga picha. Mimi nilikuwa chini ya meza natafuta kifungo. Sikumwona uso, alikuwa ameuziba. Nilimwona kuanzia magoti kwenda chini, nyuma ya majora ya buluu. Soksi yake ya kushoto imetoboka kisigino."

Nilifungua mdomo nijitetee, lakini wote walikuwa wameshainama kutazama miguu yangu, muuguzi na kikombe chake, na dada mbele yao wote, mkasi mkononi.