Mtandao Unakatika Nikiuliza

Mtaani wananiita Mzee Tiketi, na jina hilo sijalikataa. Nilikagua tiketi kwenye treni mpaka nikastaafu, na kazi ile ilinifundisha kwamba abiria anayekoroma sana mkaguzi akiingia behewani hajalala. Kwa hiyo laptopu yangu ilipoanza kupoteza mtandao, sikusema kama wanavyosema wenzangu, eti vifaa vya siku hizi ni vya kubahatisha. Nilisema hapa kuna mkono wa mtu.

Laptopu yenyewe alinitumia binti yangu, anayefanya kazi mji wa mbali, ili kila Jumapili mchana tuonane kwa video. Wakati huo alikuwa ameondoka kwenye nyumba aliyokuwa akikaa na mumewe, na sikujua amehamia wapi. Alisema kazini wamempeleka tawi jingine. Basi kila nilipomuuliza ni mtaa gani, nyumba ya nani, picha yake iliganda kabla hajafungua mdomo, alama ya waifai chini ya kioo ikaweka msalaba, na mimi nikabaki nimetoa macho kama mtu aliyeachwa na treni.

Si mimi peke yangu niliyetaka kujua. Jumapili jioni mkwe wangu alikuwa hakosi kupiga simu.

"Shikamoo baba. Mmeonana naye leo? Amesema yuko wapi?"

Alikuwa amenieleza tangu mwanzo. Waligombana kidogo, mambo ya ndoa tu, mwenzake akakasirika, sasa hapokei simu zake. Yeye alitaka amfuate huko huko, apige magoti, yaishe. "Nisaidie baba," aliniambia. "Wewe nani anaweza kukuficha kitu?"

Nilimpenda kijana yule. Kabla hajamwoa binti yangu nilimkagua mwenyewe, kuanzia ukoo mpaka soli za viatu, nikamwambia mke wangu huyu ana tiketi halali. Nikamwahidi kwamba siku nikiipata anwani, na yeye ataipata siku hiyo hiyo.

Nikaanza msako. Wa kwanza kumshuku alikuwa mwanafunzi wa ghorofa ya juu, kwa sababu alinisalimia kwa adabu iliyopitiliza. Mtu hainami namna ile bila sababu. Niliamini anaiba waifai yetu, nikamwambia mke wangu abadilishe neno la siri, maana mimi herufi zile ndogo za kwenye ruta sizioni. Akabadilisha. Jumapili iliyofuata nikauliza, "Hapo ulipo ni karibu na nini, mama?" Binti yangu akameza mate, na mtandao ukakatika.

Nikaishuku ruta. Nikaishusha juu ya kabati nikaiweka mezani, pua kwa pua na laptopu. Nikalishuku friji, nikalizima, maziwa yakaganda na mke wangu akaninunia mpaka jioni. Wapi. Tena kilichoniuma ni kwamba laptopu ikikatika, simu ya mke wangu ilikuwa inaendelea vizuri tu. Yeye hukaa kwenye kochi nyuma yangu, anatazama video za watu wanaofuma sweta. Mimi nimepoteza mtoto kwenye kioo, yeye watu wake wanafuma.

"Wako mbona haukatiki?" nilimuuliza.

"Labda mimi sina maswali mengi," alijibu bila kuinua macho.

Na binti mwenyewe nilianza kumtilia shaka. Joto lote lile, amejitanda shali mpaka kwenye vidole. Kikombe anashika kwa mkono wa kushoto, na tangu utotoni si wa kushoto huyo. Nikajiambia amejichora michoro mkononi, anaogopa nitamsema. Nikaiweka moyoni, nikaona siku mtandao utakapotulia nitamwambia avue.

Mwishowe nikaibeba laptopu kwa fundi, mama mmoja mwenye kibanda chini ya ngazi za jengo la maduka. Nilimweleza yote, hata habari za mwanafunzi. Hakucheka. Akaufuta mtandao wetu kwenye laptopu, akasema nikifika nyumbani niuingize upya. Kuna mahali laptopu inailaza waifai ili kuokoa chaji, akapazima. Akaiunganisha na mtandao wake, akanifungulia mpira, nikakaa kwenye stuli yake nikitazama mpaka akaanza kufunga duka. Haikukatika hata mara moja.

"Mzee wangu, hii ni nzima," alisema. "Ikikatika kule nyumbani, na simu ya mama inakatika?"

"Haikatiki."

"Basi ruta ni nzima pia. Laptopu yako peke yake ndiyo inayofungiwa mlango."

"Inafungiwa na nani?"

"Yeyote mwenye neno la siri la ruta. Siku hizi unafanya kwa simu tu. Unagusa jina la kifaa, kinatoka. Unagusa tena, kinarudi." Akanikabidhi laptopu yangu. "Usiangalie inakatika lini. Angalia nani yuko wapi inapokatika."

Nilirudi nyumbani damu ikinichemka. Nilikuwa na uhakika ni yule mwanafunzi, kwamba amelipata hata neno jipya. Mke wangu sikumwambia kitu, kwa sababu msako mzuri hautangazwi. Nilipanga kumkamata mtu akiwa na mkono mfukoni mwa mwenzake.

Jumapili ikafika. Nilizungumza na binti yangu habari za hali ya hewa, bei ya viatu, shangazi yake na meno yake ya bandia. Tulicheka. Mtandao ukatulia kama maji ya mtungini. Kisha nikauliza, polepole, huku nikiwa nimetega sikio langu juu kwenye dari kusikia kama mwanafunzi anatembea, "Na hiyo nyumba mpya, mama, iko upande gani wa mji?"

Safari hii sikumtazama yeye. Kwenye kona ya kioo kuna kile kidirisha kidogo kinachokuonyesha wewe mwenyewe. Huwa sikitazami, sura yangu naijua. Lakini macho yaliangukia hapo, na nyuma ya bega langu nikaliona kochi, nikamwona mke wangu. Hakuwa anatazama wafumaji wake. Alikuwa anatazama kisogo changu, kidole gumba kimeinuliwa juu ya simu. Kikashuka. Msalaba ukatokea. Binti yangu akaganda mdomo wazi.

Nikageuka.

"Umeniona," alisema.

"Nimekuona."

"Afadhali. Nimechoka."

Nilisimama, nikaongea maneno mengi ambayo siyarudii. Kwamba wamenipiga changa la macho ndani ya nyumba yangu, mke na mtoto wamekula njama dhidi yangu, na friji nimelizima bure. Yeye alisubiri nimalize, kama abiria mwenye tiketi yake anavyosubiri.

"Mkono wake umevunjika," alisema. "Mumewe aliuvunja kwa mlango. Akaufungua mlango, akaubana tena."

Nikakaa.

"Anakaa kwa rafiki yake. Anahama hama. Yule bwana anamtafuta mpaka kazini kwake."

"Kwa nini hakuniambia mimi? Mimi baba yake."

"Aliwahi kukudanganya akaweza? Ukimkazia macho anasema kila kitu, tangu mdogo. Ndiyo maana akanifundisha hii," akainua simu. "Na wewe ukijua, mkwe wako naye anajua kabla sufuria haijachemka."

Nilitaka kubisha. Nikakumbuka jioni moja nilipomwambia kijana yule kwamba nyuma ya binti nimesikia kengele za shule, na alivyonishukuru kwa sauti laini.

"Zile kengele," nilisema.

"Alizizunguka shule za upande ule zote. Siku ya pili alikuwa nje ya geti la rafiki yake. Binti yako alitoroka kwa dirisha la jikoni, na plasta yake mkononi."

Sijui niiseme vipi aibu niliyoisikia. Mimi niliyemshuku mtoto wa watu kwa kuinama sana, niliyeshuku friji, nilikuwa nimekaa nikivishwa kilemba cha ukoka kila Jumapili jioni na mtu mmoja ambaye sikuwahi kumtazama mara mbili. Nilikuwa na hasira naye hadi meno yanauma. Na nilijiogopa mwenyewe, kwa sababu nilijua mdomo wangu ulivyo.

"Mrudishe," nilimwambia mke wangu.

Akanitazama kwa muda mrefu, kama mimi nilivyokuwa nikiwatazama watu milangoni pa mabehewa. Hakuniamini, na alikuwa na haki. Kisha akagusa simu. Msalaba ukaondoka, na binti yangu akarejea, macho yake yakikimbia kutoka kwangu kwenda kwa mama yake aliyekuja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Baba anajua," mama yake alisema.

Binti akaanza kulia bila sauti. Akalishusha shali, plasta ikaonekana, nyeupe kutoka kwenye kiwiko mpaka vidoleni. Mimi nilikuwa nimengoja kuona michoro.

"Baba, nisamehe. Nitakwambia nilipo. Ni mtaa wa—"

"Usiniambie," nilisema.

Akajifuta machozi kwa ncha ya shali.

"Mwambie mama yako. Mimi usiniambie, wala leo wala kesho, hata nikikuuliza. Hata nikikukazia macho. Mkono unauma?"

"Usiku unauma."

"Unakula?"

"Nakula, baba."

Tukazungumza hivyo hivyo, mambo ya kula na kulala, na mtandao haukukatika mpaka yeye mwenyewe alipoaga.

Jioni simu yangu ikaita. Niliiacha iite kidogo, nikamtazama mke wangu. Aliisimamisha video ya wafumaji wake. Nikapokea.

"Shikamoo baba. Mmeonana naye?"

"Tumeonana."

"Alhamdulillahi, baba yangu. Amekwambia yuko wapi?"

Sauti ilikuwa ile ile laini, na kwa mara ya kwanza niliisikiliza kama ninavyosikiliza mtu anayekoroma behewani. Nikaisogeza simu mbali na mdomo.

"Sikusikii, mkwe. Mtandao huku unakatika."

"Baba? Mimi nakusikia vizuri tu."

"Unakatika," nilisema, nikaizima. Mke wangu akanyoosha mkono, nikampa simu aiweke kwake.