Skonzi za Thurman na Kipima Pombe

Saa tatu na robo asubuhi, Jumamosi, taa ya kipima pombe iliwaka nyekundu. Aliyekuwa amekipuliza ni Cleophus Gaines, mwanamume wa miaka hamsini na minane aliyevaa suti ya kijivu na tai ya rangi ya zabibu. Aliyekishika ni Lowell Stamper, meneja wa Tillery, nyumba ya mpito ya wanaume waliotoka gerezani, mashariki mwa mji wa Toledo.

"Sifuri nukta sifuri nne," Stamper alisoma. "Gaines, ni asubuhi."

"Najua ni asubuhi, bosi."

"Na una harusi."

"Najua nina harusi. Unadhani nimevalia nini hivi?"

Harusi ilikuwa ya binti yake, Jerica, saa nane mchana, katika kanisa lililo ng'ambo ya mto. Jerica alikuwa amemwomba baba yake amsindikize mpaka mbele ya mchungaji. Gaines alipofungwa, miaka kumi na tisa iliyopita, binti huyo alikuwa darasa la pili.

Kanuni ya nyumba ilikuwa fupi. Kila anayetoka kwa ruhusa hupimwa. Akikutwa na pombe, hukaa dakika kumi na tano na kupimwa tena. Akikutwa nayo mara ya pili, ruhusa inafutwa na taarifa inakwenda idara ya magereza. Wapo waliorudishwa gerezani kwa makosa madogo kuliko hilo.

Stamper alimkalisha Gaines kwenye benchi la ukumbini, mlango wa ofisi ukiwa wazi, akaenda kujimiminia kahawa. Muda ulipofika alimpima tena.

"Sifuri nukta sifuri tano." Stamper aligeuza kipimo, akakitazama upande wa nyuma kana kwamba kulikuwa na maelezo huko. "Imepanda. Umekaa kwenye benchi, hatua chache kutoka kwangu, na imepanda. Umefanyaje, bwana?"

"Sijanywa, bosi."

"Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi hilo hakunywa."

Renata Wojcik, mnasihi wa afya ya akili wa nyumba hiyo, alikuwa akishuka ngazi baada ya kikao cha asubuhi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, asiyekubali jambo mpaka alione mara mbili. Wakazi walimwita daktari. Kila mara aliwasahihisha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kubadilika.

"Daktari, sijanywa," Gaines alisema.

"Mimi si daktari. Simama kwa mguu mmoja."

Gaines akasimama kwa mguu mmoja.

"Mguu mwingine. Vizuri. Sasa anza na mia, uwe unatoa saba, saba, mpaka umalize."

"Hiyo siwezi hata siku ambayo sina kosa."

"Hata mimi," alisema Stamper.

Renata alimsogelea Gaines, akanusa. Harufu ya pombe haikujitokeza. Kulikuwa na harufu ya mdalasini. Aliona pia kwamba shavu la kushoto la Gaines lilikuwa nene kuliko la kulia.

"Fungua mdomo."

Ndani ya shavu kulikuwa na tonge la mkate ukubwa wa kidole gumba.

"Hiki ni nini?"

"Zoezi."

"Zoezi gani?"

"Lako, daktari. La Jumanne."

Jumanne, Renata alikuwa amemfundisha Gaines namna ya kutuliza hofu. Gaines alikuwa akibanwa na pumzi kila alipoingia mahali penye watu wengi wanaomtazama, na kanisa lingekuwa na watu wengi, na wote wangemtazama. Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi: uma kitu kidogo, usikimeze, kiweke juu ya ulimi, jitajie joto lake, ladha yake na ulaini wake mpaka moyo utulie. Watu wengi humaliza kabla nusu dakika haijaisha. Lakini Gaines alikuwa ameishi miaka kumi na tisa akifanya kile hasa alichoambiwa na watu wenye funguo.

"Ulisema nisimeze mpaka moyo utulie," alisema. "Haujatulia tangu nilipoamka."

"Na pale kwenye benchi?"

"Pale ndipo ulipozidi kudunda. Nikachukua skonzi nyingine." Alipiga mfuko wa koti la suti, na vumbi la sukari likatoka.

Renata aligeuka. Alikwenda jikoni.

Mpishi wa Jumamosi alikuwa Thurman Biggs, mkazi mwenye mikono mipana kama makasia, aliyeoka mikate katika jiko la gereza kwa miaka mingi. Kule hamira ilifungiwa ndani ya kizimba cha chuma na askari aliigawa kwa kijiko, kwa sababu wafungwa waliiiba wakatengeneza mvinyo kwenye mifuko ya plastiki chini ya vitanda. Tangu Thurman ahamie Tillery na kugundua kwamba hamira inauzwa dukani, kando ya sukari, bila mtu kuulizwa jina, alikuwa ameshindwa kujizuia.

"Leo umetia hamira kiasi gani?" Renata aliuliza.

"Ya kutosha."

"Ya kutosha nini?"

"Ya kutosha kuonyesha kwamba tumetoka."

Renata alipasua skonzi moja ya mdalasini. Tanuri la Tillery lilioka upande mmoja tu, na jambo hilo lilikuwa linajulikana. Juu skonzi ilikuwa ya kahawia na ya kupendeza. Katikati ilikuwa unga mbichi uliojaa matundu, na ilinuka kama pipa la bia.

"Kuna tatizo?" Thurman aliuliza, mikono kiunoni.

"Nahitaji sinia zima."

"Chukua, dada. Chukua. Nilijua ipo siku utazikubali."

Renata aliliweka sinia juu ya meza ya Stamper na kueleza. Unga uliotiwa hamira nyingi na kuiva nusu hubaki na kilevi kidogo. Ukishikwa mdomoni, mvuke wake hujaa mdomoni. Kipimo husoma kinachopita mdomoni, na hakijui kama kimetoka kwenye damu au kwenye shavu. Ndiyo sababu kanuni inataka dakika kumi na tano, lakini inataka dakika hizo mdomo ukiwa mtupu.

"Hiyo ni nadharia," alisema Stamper.

"Ndiyo. Kwa hiyo tuipime."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu ambaye hakuna atakayedai kwamba amekunywa."

Wakati huo wakazi walikuwa wamejaa mlangoni, kama wanavyojaa kila penye jambo lisilowahusu. Wote walimtazama Stamper.

"Hapana," alisema Stamper. "Mimi ni shemasi. Kanisa letu lote linanijua. Tangu nizaliwe pombe haijapita kwenye koo hili."

"Haitapita kooni. Itakaa mdomoni tu."

"Bosi anaogopa skonzi!" mtu alipaza sauti nyuma.

"Siogopi skonzi."

"Kula basi, mzee! Au ni kwa sababu imepikwa na mfungwa?" Huyo alikuwa Thurman, naye hakuwa akitania.

Stamper alivua miwani. Kwanza alipuliza kipimo bila kula kitu: sifuri, taa ya kijani. Kisha akachukua skonzi, akauma.

"Naweka dau la zamu yangu ya mashine ya kufulia," sauti ilisema ukumbini. "Bosi analewa."

"Nami naweka yangu. Halewi. Yule hata sharubati humpa kichefuchefu, ataitema."

"Hakuna kamari katika nyumba hii," alisema Stamper, ingawa kwa mdomo uliojaa, maneno yalitoka kama mtu anayezungumza akiwa chini ya blanketi.

Renata alilifuata zoezi lote, kwani aliona jaribio la nusunusu halithibitishi kitu.

"Usimeze. Taja unachohisi."

"Aibu."

"Hiyo si ladha."

"Mdalasini."

"Endelea."

"Unga mbichi."

"Samahani?" alisema Thurman.

"Ulaini," Stamper alisahihisha. "Nahisi ulaini."

"Sasa puliza."

Taa iliwaka nyekundu. Sifuri nukta sifuri sita.

Ukumbi ukalipuka.

"Bosi, kaa chini kabla hujaanguka!"

"Kamshinda hata Gaines! Shemasi kamshinda Gaines!"

"Funguo za gari, bosi. Taratibu. Weka mezani, rudi nyuma."

Hilo la funguo lilimfikia Stamper barabara, kwa kuwa yeye ndiye aliyepangwa kumpeleka Gaines kanisani, na yeye ndiye aliyeandika kanuni kwamba mfanyakazi akikutwa na kiasi chochote haligusi gari la nyumba siku hiyo. Alizitoa mfukoni akazisukuma juu ya meza mpaka kwa Renata. Kisha alipiga simu kwa ofisa wa zamu wa idara, mwanamke aliyeitwa Burdett, ambaye sauti yake ilisikika vizuri ofisini.

"Lowell, rudia. Nani kapata sifuri nukta sifuri sita?"

"Mimi."

"Umekunywa?"

"Nimekula skonzi."

"Skonzi."

"Sikuila hasa. Niliishika mdomoni bila kumeza."

"Kwa nini?"

"Mnasihi aliniambia nifanye hivyo."

Burdett alishusha sauti. "Lowell, mnasihi alikwambia, au unatafuta mnasihi? Niambie tu, hakuna atakayekucheka."

Walikuwa wanamcheka tayari, ukumbi mzima. Stamper alimpa Renata simu. Renata alieleza mambo aliyoyaona, kwa mpangilio, bila kuongeza neno. Burdett alitoa uamuzi: wote wawili wasukutue midomo kwa maji, wakae dakika ishirini bila chakula mbele ya shahidi, wapimwe. Gaines akiwa sifuri, aende. Asipokuwa sifuri, ruhusa imefutwa, na yeye Burdett asipigiwe tena simu kuhusu mikate.

Kusukutua kulikuwa rahisi. Kukaa hakukuwa rahisi. Renata alifunga mlango, akaliondoa sinia, akamwambia Gaines atoe kila kilichokuwa mfukoni. Bila kitu cha kushika mdomoni, pumzi ya Gaines ilianza kukatika mapema.

"Nakufa, daktari."

Renata alimshika kiganja, akatazama saa yake. "Mapigo yako ni mia na kumi na nane. Hayapendezi, lakini hayaui. Nitajie vitu unavyoviona."

"Naona mlango."

"Endelea."

"Naona bosi. Bosi ana sukari kwenye sharubu. Bosi anaifuta." Alivuta pumzi. "Bosi kaisambaza."

"Wapi?" Stamper aliuliza.

"Kila mahali, bosi."

Pumzi yake ilishuka kidogo, kisha ikapanda tena. Alikuwa akiitazama mikono yake.

"Nikifika katikati ya kanisa," alisema, "wote wamenigeukia, nikashindwa kupumua, itakuwaje?"

"Utasimama."

"Naye?"

"Atakusubiri."

"Nitamwaibisha mbele ya watu wa mumewe."

"Binti yako amekusubiri miaka kumi na tisa," alisema Renata. "Dakika mbili zaidi ni sehemu ndogo sana ya jumla."

Gaines alilifikiria hilo. Stamper pia alionekana kulifikiria, na midomo yake ilikwenda kama mtu anayepiga hesabu.

Muda ulipoisha, Stamper alijipima kwanza: sifuri. Alikifuta kipimo, akabadilisha mrija, akamnyooshea Gaines. Gaines alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Renata alimwambia inatosha. Aliendelea kupuliza.

Taa ya kijani. Sifuri.

"Tai yako imepinda," alisema Stamper, akasimama kuinyoosha. Ukumbini tayari kulikuwa na ugomvi, kwa sababu walioweka zamu kwamba bosi hatalewa walikuwa wakidai kwamba mwishoni hakulewa.

Renata aliliendesha gari mwenyewe. Stamper alikataa kuligusa ingawa kipimo chake kilikuwa safi. Kanuni ilisema siku hiyo, na siku ilikuwa haijaisha. Renata alimshusha Gaines mlangoni pa kanisa zikiwa zimebaki dakika nyingi, akarudi Tillery.

Saa nane ilipopita kidogo, Stamper alipiga simu ya ofisi ya kanisa, kama anavyotakiwa kufanya kwa kila mkazi aliye nje kwa ruhusa. Alipokea mwanamke aliyenong'ona.

"Namtafuta Cleophus Gaines," alisema Stamper.

"Nani? Baba wa bibi harusi? Hawezi kuja kwenye simu, ndugu yangu. Yuko katikati ya kanisa."

"Anafanya nini?"

"Amesimama."

"Amesimama vipi?"

"Amesimama tu, jamani! Nachungulia mlangoni hapa. Bibi harusi naye amesimama, kamshika mkono. Mpiga kinanda kaurudia wimbo kutoka mwanzo."

Stamper alimtazama Renata. Renata alinyoosha kidole, akabonyeza kitufe cha spika ili simu isikike ofisini nzima. Kinanda kilisikika, mbali.

"Bado wamesimama?" Stamper aliuliza.

"Subiri kwanza. Mzee anavuta pumzi... Binti anamwambia kitu. Wanacheka wote wawili, sijui nini." Mwanamke alisogeza simu. "Haya, wameanza. Wanatembea."

"Wamefika?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado, bwana, una haraka gani? Bado... Wamefika."