Glasi Zilizong'aa Kupita Kiasi

Mzee Porojo hakupewa jina hilo kwa bahati mbaya. Enzi za ufundi bomba wake, kwa maelezo yake mwenyewe, aliwahi kuziba bomba kuu la mji kwa kidole kidogo, akakaa hapo mpaka vifaa vikaja, na samaki waliokuwa wakipita ndani wakamzoea hata wakawa wanamgusagusa kidole kumjulia hali. Ukimuuliza samaki waliingiaje kwenye bomba, alikutazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu ambaye hajasafiri.

Mkewe hakuwa na habari na samaki hao. Yeye alikuwa mpika bia, na maneno yake yalikuwa machache kama meno ya mtoto mchanga. Shayiri yake ilitoka kwenye shamba lisilojua dawa wala mbolea ya dukani, na aliipika katika jiko la uani. Mzee alipostaafu akabaki anazungukazunguka nyumbani kama kuku aliyepoteza tundu, mkewe ndiye aliyemfunga aproni kiunoni na kumwambia ashike ndoo. Tangu siku hiyo, kusimama ubavuni mwa mkewe kwenye kibanda cha bia kukawa ndiyo kazi yake na ndiyo raha yake.

Na mwaka huu kazi hiyo ilikuwa inaning'inia kwenye uzi.

Tamasha walilouzia bia kila mwaka lilikuwa la bia za kilimo hai, na waandaaji walijigamba kwamba halingeacha uwanjani hata kizibo kimoja. Vikombe vya plastiki marufuku, jenereta marufuku. Machicha ya shayiri yalikwenda kwa ng'ombe. Mnywaji aliazima glasi na kuirudisha, na maji ya kuoshea yaliteremka kwa mfereji hadi kwenye bustani ya mboga ya shule jirani. Kwa hiyo sabuni nayo marufuku. Glasi zilioshwa kwa maji moto na magadi, basi.

Mwaka uliopita Mzee Porojo alikuwa amewatangazia wateja kwamba bia ya mkewe inaotesha nywele. Jirani yao mmoja, aliyejulikana mtaani kote kama Kipara, akanunua chupa nzima akajipaka kichwani. Alichoota ni nzi. Walimfuata hadi msibani, wakamfuata hadi harusini. Malalamiko yakamfikia mpika bia, naye akatoa hukumu: mumewe atakuja tamashani, ataosha glasi, lakini hatapiga porojo.

"Uongo mmoja tu, baba watoto," alimwambia. "Mmoja. Unavua aproni, anavaa kaka yangu."

Kaka mtu, shemeji wa Mzee, alikuwa mtu wa utani usio na likizo. Asubuhi ya tamasha alifika mapema, akaizunguka aproni akiipima kwa macho, akauliza kama inaweza kupunguzwa kiunoni.

Mzee akaimeza porojo iliyomjia. Alijibana mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Aliwapangia wateja glasi, na glasi zenyewe zilikuwa zinang'aa hivi kwamba jua lilizikwepa.

Mpika bia akafungua koki ya pipa. Povu likapanda, likachungulia, kisha likazama kama mtu aliyeitwa akakuta si yeye anayetakiwa. Akamimina nyingine. Hivyo hivyo. Bia ikakaa kwenye glasi imelala, kama chai iliyosahauliwa.

Kipara, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akainua glasi yake akaikagua.

"Mwaka jana nywele hazikuota," akasema, "mwaka huu hata povu halioti."

Watu wakacheka, wakaanza kuhamia vibanda vya jirani mmoja mmoja. Mpika bia akaionja bia, akaviangalia viganja vyake, kisha akasema polepole kwamba labda hamira ilimfia, labda mikono imechoka, na pipa lote liende kwenye mboji. Akafunga koki.

Mzee Porojo alikuwa na uongo tayari mdomoni, mtamu, umeiva: kwamba bia ya asili haina povu kabisa, povu ni ugonjwa wa bia za kiwandani. Wangeukubali, na Kipara angeuliza kama unaambukiza. Lakini mkewe angeenda nyumbani akiamini mikono yake ndiyo iliyoharibu.

"Ni… ni sabuni," akasema. "Nili… glasi. Jana nyumbani, niliziosha kwa sabuni ya kufulia. Bia haina… haina kosa."

Kipara akajipiga paja. Mzee amerudi kazini, akasema. Sasa sabuni inakula povu badala ya kulitoa! Shemeji akanyoosha mkono.

"Vua, shemeji. Masharti ni masharti."

"Mwache," mpika bia akasema. "Huyu akidanganya maneno yanateleza. Hamkusikia alivyokwama? Hiyo ni kweli tupu."

Akainusa glasi, akaipata harufu ya sabuni iliyoua povu, akamuuliza mumewe kilichompata ni nini. Mzee akaeleza, akiangalia viatu vyake, kwamba mwaka jana shemeji alisema glasi zao zina ukungu kama macho ya mbuzi mzee, naye alitaka za mkewe zing'ae kuliko za kibanda chochote. Mpika bia akageuka upande. Mabega yakawa yanamtikisika, na haikuwa kwa kulia.

Shemeji, aliyeona mbuzi wa utani wake amerudi zizini, akatumwa maji moto na magadi. Glasi zikasuguliwa upya, na maji ya kwanza, yenye sabuni, Mzee akayabeba kwa ndoo hadi shimo la maji machafu nje ya uwanja, mbali na mboga za watoto. Aliporudi anahema, mkewe akamimina. Povu likapanda, likakaa, likajitengeneza kama kofia nyeupe.

Kipara akanywa funda refu. Aliposhusha glasi, povu lilikuwa limemtanda juu ya mdomo kutoka shavu hadi shavu. Mpika bia akamtazama bila kucheka hata kidogo.

"Si unaona?" akasema. "Mwaka huu tumeanza na masharubu."

Mzee Porojo akageuka kama aliyesikia ukuta ukiimba.

"Dada," shemeji akadakia, "huo ni uongo mmoja. Vua aproni."

"Yangu haikutoshi," mpika bia akajibu, "na ya mume wangu ina mwenyewe." Akamsogezea mumewe glasi iliyojaa, akampisha nafasi ubavuni mwake. "Haya, baba watoto. Wateja wanangoja. Anza na wale samaki."