Komoni ya Konokono

Isidori alipopunguzwa kazini alipewa barua, mkono wa kwaheri na baiskeli chakavu ya idara. Jina la Bwana Shamba aliondoka nalo mwenyewe, maana hakuna aliyekumbuka kumdai. Miaka kumi na tisa alikuwa ofisa wa kilimo. Sasa alikuwa mtu wa mtaa wa Lizaboni mwenye bustani ya kabichi bondeni, nyuma ya nyumba. Akina mama walipomwita "Bwana Shamba" njiani, mgongo ulimnyooka. Alijua wazi kwamba siku watakapomwita Isidori mtupu atakuwa mzee mmoja tu asiye na kazi, na mji ulikwishajaa watu wa namna hiyo.

Basi mdomo ukamponza. Mwezi wa pili, jumuiya yao ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi ilipopanga sikukuu ya somo wao, mtakatifu msimamizi wa jumuiya, Mei Mosi, Isidori alisimama akatangaza kwamba kabichi zote za siku hiyo, za altareni na za sufuriani, zitatoka kwake. Mwenyekiti, mzee Beda, akaandika kwenye daftari. Watu wakapiga makofi.

Mvua ziliposhika kasi wakaja konokono. Si wale wa kawaida wenye gamba, ambao mtoto anaweza kuwaokota. Hawa hawakuwa na gamba kabisa. Weusi, laini, wanene kama kidole gumba. Isidori aliwaeleza majirani kwamba zamani hata mharibifu wa mazao alikuwa na adabu, akija anakuja kwa msimu. Hawa walikuja na soko huria: hawana nyumba, hawana kibali, hujui wametokea wapi, na kukicha wamekula wakaondoka, wamekuachia ute.

Kwanza aliandika barua idarani, nakala tatu. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, limesainiwa na kijana aliyefundishwa kazi na Isidori mwenyewe: huduma hiyo sasa iko mikononi mwa sekta binafsi. Sekta binafsi ilikuwa Chande, muuza mitumba wa jana, mwenye duka la pembejeo wa leo, aliyempimia punje za buluu kwenye kipande cha gazeti.

"Hii dawa ya nje," Chande alisema.

"Ya nje wapi?"

"Nje, Bwana Shamba. Siku hizi kuna kitu kisicho cha nje?"

Konokono walizipita punje zile bila hata kuzinusa, wakaingia kwenye kabichi.

Mkewe, Oliva, alivumilia mpaka safu ya nne ilipobaki vishina. "Mboga za mama Kunegunda hazijaguswa hata jani," alisema. "Nenda kamwulize."

"Niende kilabuni nikasomeshwe kilimo?"

Kunegunda alikuwa jirani yao, mama mtu mzima, mpishi wa komoni, pombe ya kienyeji, aliyejulikana Lizaboni nzima. Asubuhi ilipokwenda safu ya tano, Isidori alizunguka nyuma ya ua ili asionekane, akapiga hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunywa au umekuja kukagua?"

"Kukagua."

Kunegunda alimwonyesha beseni lililofukiwa kando ya mboga zake. Ndani yake konokono walielea, wamekufa wameshiba. "Hawa ni walevi kuliko marehemu mume wangu," alisema. "Fukia bakuli, mdomo wake uwe sawa na ardhi. Jioni unatia komoni iliyobaki. Asubuhi unazoa maiti."

"Mama, jambo hili libaki hapahapa."

"Ni la konokono, baba, si la serikali."

Ikawa hivyo. Kila jioni Isidori alishuka bondeni na kibuyu, akapiga magoti safu kwa safu, akamimina, huku midomo ikicheza kwa kuhesabu mabakuli asije akalisahau moja. Wiki haikuisha, kabichi zikaanza kufunga vichwa. Alifurahi mpaka akasikika akipiga mluzi, kitu ambacho Oliva hakukisikia tangu siku ya ile barua.

Na mzee Beda, akipita njia ya juu kwenda kusali rozari, akamwona. Sasa, kwa Wangoni hakuna haja ya kufafanuliwa: mtu aliyepiga magoti, midomo inacheza, anamimina pombe ardhini, huyo anawaita mahoka, wazee waliotangulia. Babu zetu wote walifanya hivyo. Ndiyo maana jumuiya iliogopa jambo hilo kuliko wizi.

Jumamosi, sala ilipokwisha, Beda alifunga kitabu. "Ndugu yetu Isidori, umeonekana bustanini ukiwamwagia mahoka pombe. Ni kweli, au umesingiziwa?"

Kunegunda alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango, akamtazama. Sentensi moja ingemaliza yote: ule ni mtego, amenifundisha mama huyu. Ilimfika Isidori kwenye ulimi. Kisha akaziona zile nyuso, akawasikia kesho bombani wakicheka kwamba Bwana Shamba wa serikali anafundishwa kulima na mpika pombe.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuwa natambika."

Oliva alishika kichwa. Kunegunda alifumbua mdomo, akaufumba, akajifunika kanga usoni. Mabega yakamtikisika, na waliokuwa nyuma wakadhani analia.

Isidori akatengwa na komunyo kwa miezi mitatu, na kiti chake kikawa benchi la mwisho. Njiani akina mama walimpita kimya, wala Bwana Shamba wala Isidori. Mei Mosi kabichi zake zilipelekwa altareni na mikono ya wengine, kubwa hata beseni zima likachukua mbili tu. Yeye alizitazama kutoka mlangoni. Iliuma. Alijuta kweli, akaapa kwamba kukicha atakwenda kwa Beda na kusema kila kitu.

Kulipokucha Beda alimtangulia. Alikuja kwa mlango wa uani, galoni ya komoni imefichwa ndani ya koti.

"Bwana Shamba," alisema kwa sauti ya chini, "kabichi zangu zinakwisha. Hao mahoka wako, wanapokea na ya jirani?"

"Mzee Beda, nisikilize. Mimi..."

"Nafahamu, ni siri. Kumimina nilikuona. Maneno tu ndiyo sikuyasikia. Nisemeje?"

Beda alivua kofia, akainamisha kichwa. Miaka kumi na tisa Isidori alisimama mbele ya wakulima wa wilaya nzima, na wakulima walimpigia makofi, wakaenda kulima walivyozoea. Hakuwahi kuona mtu akimsubiri namna ile.

"Sentimita sitini kwa sitini," alisema polepole. "Samadi iliyooza vizuri. Palizi mara mbili. Usirudie kabichi palipotoka kabichi."

Beda alirudia, macho chini, mpaka maneno yakamkaa kichwani. Akauliza kama aongeze amina.

"Usiongeze kitu," Isidori alisema. Ule ukweli aliokuwa ameuandaa akaumeza, na kwa mara ya kwanza tangu apunguzwe akajiona yuko kazini.