Funza wa Mtungi wa Mama Mal-sun

Seon-ok alikuwa mtu wa nzi. Katika ofisi ya afya ya wilaya, huko kusini mwa Korea, watu walimletea wadudu wa majumbani mwao ndani ya chupa, naye akawatambua: huyu nzi wa chooni, huyu nzi wa nyama, yule mende wa jikoni. Kila mfanyakazi mpya, Seon-ok alimfundisha jambo moja, kwamba funza hahukumiwi. Mtie chupani, ungoje aote mbawa, ndipo umtaje jina.

Siku moja kabla mama mkwe wake, Mal-sun, hajatoka hospitali alikolazwa kwa kiharusi, Seon-ok alifunua uani mtungi wa mama huyo wa doenjang, kiungo kizito cha soya iliyochachishwa, akakuta funza juu yake. Mgonjwa alikuwa amekataa chakula chote cha hospitali; alitaka supu ya mtungi ule tu. Sasa amlishe funza wa nzi wa chooni? Akaumwaga wote shimoni, akafukia. Kwa mazoea tu, alitia chupani funza watatu na donge la soya.

Mama alirudi. Supu ya soya ya dukani aliionja kijiko kimoja, akageukia ukutani. Seon-ok akamdanganya kwamba soya ya mtungini bado haijaiva. Bibi wa watu akakonda mpaka pete ikamvuka kidoleni.

Siku ya kumi, chupani wakatoka nzi wadogo wa kahawia, wenye macho mekundu. Nzi wa matunda, hawa wanaofuata kilichochacha, na funza wao hawazami, hukaa juujuu. Miaka kumi na tisa ya kazi, na somo lake mwenyewe limemshinda! Aibu ilimchoma. Akaenda kupiga magoti mbele ya mgonjwa, akasema yote.



"Ungekwangua juu tu, mwanangu," alisema Mal-sun, ulimi mzito. "Mimi kila kiangazi nakwangua. Hiyo supu unayoisifu miaka yote, ilitoka chini ya funza hao hao."

"Nisamehe, mama. Nifundishe, tutengeneze nyingine. Chumvi kiasi gani?"

Bibi akaunyanyua mkono wake wa kulia uliopooza kwa ule wa kushoto, akauweka kiganjani mwa mkwewe. Akajaribu kuukunja, aonyeshe konzi moja ya chumvi. Vidole havikukunjika.

"Kiasi cha huu," alisema.