Meno ya Jumamosi

Kwa miaka kumi na tisa fundi alitengeneza meno ya bandia bila kutazama ndani ya kinywa cha mtu. Vinywa vilimfikia vikiwa plasta: ufizi wa juu na wa chini, vikavu, vimeandikwa namba kwa penseli. Alivifunga kwenye chombo chenye bawaba kinachoiga taya, akapanga meno juu ya nta, akafungua na kufunga mpaka kila jino likutane na mwenzake. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kliniki, na kazi ilipitishwa kwenye kidirisha. Mpokezi alimwita Plasta.

"Plasta, leo umesema maneno mangapi?" alikuwa akimuuliza jioni.

"Hili ndilo la kwanza."

Hakuna kisa kilichomfanya awe hivyo. Hakujua tu mikono aiweke wapi mtu anapomtazama, na kazi ilikuwa imemruhusu asijifunze.

Alhamisi asubuhi daktari hakutumia kidirisha. Aliingia mwenyewe, akaweka mezani seti ya meno ambayo fundi aliitambua papo hapo. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu, mwanamke wa miaka sabini na moja, na ilikuwa inarudi mara ya tatu.

"Akila, hayana neno," daktari alisema. "Akiongea yanagongana, utadhani mtu anapiga taipureta."

Fundi aliyaweka kwenye chombo, akakifunga. "Yanakutana sawasawa. Tazama."

"Nimetazama. Chombo chako hakiongei, Fundi. Mdogo wake anazikwa Jumamosi, na yeye ndiye atakayesoma wasifu wa marehemu. Amesema hasimami mbele za watu kibogoyo, na kwa haya pia hasimami. Atakuja saa nane. Utamhudumia wewe."

"Mimi si daktari."

"Sikutumi ung'oe jino. Mimi nasaga kwa kubahatisha, maana sijui ulivyoyapanga. Wewe unajua, ila hujamsikia."

"Niandikie yanapogonga, nitayarekebisha hapa hapa."

"Nimekuandikia mara mbili."

Hilo lilikuwa kweli. Vikaratasi vyote viwili vilikuwa kwenye droo yake.

Saa nane mwalimu alikuwa kwenye kiti cha wagonjwa, mkoba mapajani, mkononi karatasi iliyokunjwa mara nne. Alimpima fundi kwa macho kuanzia viatu.

"Kumbe ni wewe. Meno yako yamenitesa miezi miwili."

"Samahani, Mwalimu."

"Sikujia samahani, baba. Nimejia meno."

Fundi alivaa glavu, akamwekea meno ya chini, kisha ya juu.

"Hujawahi kumvalisha mtu meno, wewe," mwalimu alisema, na meno yakagonga.

"Ndiyo. Ni mara yangu ya kwanza."

"Basi tuko wawili. Hata mimi sijawahi kumzika mdogo wangu."

Fundi akarudi kwenye kazi. "Soma utakachosoma Jumamosi. Kwa sauti ile ile ya huko."

Mwalimu alikunjua karatasi. Marehemu alikuwa wa nne kuzaliwa. Dada yake alimfundisha darasa la pili, akamkaririsha mwaka kwa sababu ya hesabu. Baadaye akawa fundi wa kuezeka. Aliezeka shule tatu na nyumba ya mama yao, na hakuna paa lake lililowahi kuvuja. Meno yaligonga karibu kila mstari.

Fundi aliinama mpaka sikio lake likakaribia shavu la mwalimu. Aliona jambo ambalo plasta isingemwonyesha. Mtu anapoongea hafungi taya: meno ya chini hupanda yakayakaribia ya juu, kisha huacha nafasi nyembamba. Yeye alikuwa ameiziba nafasi hiyo. Alizoea kuyapanga meno marefu kidogo ili mashavu yajae na uso uonekane mchanga, na plasta haikuwahi kulalamika.

"Nimeyafanya marefu mno," alisema. "Kosa ni langu, si la kinywa chako."

"Niliambiwa nitazoea."

"Usizoee."

Alimng'atisha karatasi ya buluu, akatazama alama zilipokaa, akaenda kusaga, akarudi. Mwalimu akasoma tena. Kila mara milio ilipungua, na kila mara alikomea mahali pamoja, akashusha karatasi akisubiri asagiwe. Mara ya tano hapakuwa na mlio wowote. Akakomea pale pale.

Fundi alikuwa amekwisha kushika msasa. Akautazama.

"Hapo meno hayakugonga," alisema.

"Hayakugonga."

Kazi yake ilikuwa imekwisha, na mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Aliweka msasa chini, akavuta stuli, akaketi mbele ya mwalimu. Mikono aliiweka magotini.

"Sentensi inayofuata inasemaje?"

"Inasema siku aliyoanguka alikuwa anaziba paa la jiko langu." Aliikunja karatasi, akaikunjua. "Lilikuwa linavuja tone moja. Aliniambia ningoje vijana wake waje kesho yake. Nikamwambia, wewe na kesho zako, ndiyo maana nilikukaririsha. Akacheka, akapanda."

Fundi aliitazama karatasi ile.

"Unaweza kuiruka," alisema. "Hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi."

"Basi nisomee mimi kwanza. Jumamosi haitakuwa mara ya kwanza."

Mwalimu alisoma. Katikati alirudia neno moja. Akafika kwenye nukta. Kisha akaanza tangu juu, kuzaliwa, darasa la pili, shule tatu, akapita kwenye jiko, akaendelea hadi majina ya watoto aliowaacha. Fundi hakuwa akisikiliza meno tena.

Mwalimu alifuta macho kwa kiganja. "Nimesoma haraka?"

"Kidogo," fundi alisema. "Hapo penye jiko, punguza."